Jiko la Mama Lisipoe

Wewe unajua. Usijifanye kushangaa, unajua.

Juma lililopita ulifika pale nilipoandika kwamba mafundi wameingia chumbani kwa mama yangu na kamba ya kupimia, ukakunja gazeti, ukaenda kwenye matokeo ya mpira. Sikukuona kwa macho, lakini wasomaji nawajua kama ninavyowajua wageni wa hoteli. Wakisikia mtu analia jikoni, huomba muziki uongezwe sauti.

Na wengine wenu mlimjua mama kabla hamjanijua mimi. Mlikuja Sankt Marzell na ski zenu za kutelezea thelujini begani, mkakaa kwenye benchi la jiko lake mkikausha soksi, mkapiga naye picha kwa kuwa kofia yake iliwachekesha. Picha mnazo mpaka leo. Jina lake je? Anaitwa Notburga, Burgl kwa majirani. Liandikeni nyuma ya picha.

Kwa aliyeingia leo nitasema kwa kifupi, maana hasira haina subira ya masimulizi marefu.

Mimi ni Kreszenz, Zenz kwa walionizoea. Nilizaliwa Sankt Marzell, juu kabisa bonde linapoishia, katika nyumba ambayo siku hizi inaitwa Hoteli Zirmegg. Kwetu shamba haligawanywi. Mmoja hulichukua, wengine hufunga mizigo. Alilichukua mdogo wangu Romed, kwa sababu yeye mwanamume. Mimi nikabaki kumtandikia vitanda, mpaka siku nilipowaambia wasichana wenzangu wa vyumbani kwamba hata ng'ombe wa Romed wana likizo ya kiangazi mlimani, sisi je? Jioni yake nilikuwa kwenye basi la kuteremka.

Tangu hapo nakaa Innsbruck. Napiga pasi mashuka ya hospitali, na nikipata nafasi nasimama mbele ya mahoteli na bango langu. Shule sikwenda mbali. Siasa niliisoma kwenye magazeti yaliyofungiwa jibini.

Mama alibakiwa na chumba kimoja, chumba cha jiko. Na hapo ndipo penye kesi.

Kwetu, siku mzazi anapokabidhi shamba, huwasha moto katika jiko la vigae la chumba chake, lile jiko kubwa kama kabati lililojengewa ukutani. Majirani wote husimama wakiangalia. Mrithi huweka kiganja juu ya vigae na kusema: "Maadamu jiko hili lina moto, chumba hiki si changu." Romed alisema. Nilikuwepo. Alivaa suruali mpya na sauti ya mwanakwaya.

Usidhani ni maneno ya wazee tu. Mteremko wa ski wa Romed unapita juu ya mashamba ya majirani walewale waliomsikia akiapa. Akimtoa mama huku jiko lina moto, watafunga nyua zao, na wageni wake watatelezea kwenye zulia la mapokezi. Lakini jiko likipoa lenyewe, kwa kuwa mwenye nalo kaondoka kwa miguu yake, nani atakuwa na neno? Kiapo kimekwisha. Chumba ni cha Romed, na Romed anakitaka kiwe pahali pa kujinyoosha watu waliotoka kwenye mvuke wa sauna.

Ndiyo maana nikapanga safari ya kwenda kwetu. Nilitaka nikae kwenye lile benchi nitie kuni mpaka mafundi wachoke wenyewe.

Safari ya kwenda kwetu, jamani! Tangu lini mtu akapanga safari ya kwenda kwao kama anakwenda kutalii? Lakini kwa mama nisingeruhusiwa kulala. Romed ameweka tangazo mlangoni: kulala humo ni kwa wageni walioandikishwa tu. Jirani yetu Bi Filomena naye nyumba yake imejaa watu wa Hamburg mpaka stoo. Kwa hiyo nikapiga simu ofisi ya wageni.

"Sankt Marzell, karibu juu ya mawingu!" ikasema sauti ya msichana.

"Nataka kitanda, binti. Kuanzia kesho."

Akacheka, si kwa ubaya. "Kesho? Mama, shule zote zimefungwa, kutoka Vienna mpaka Uholanzi. Halafu kwetu ni Jumamosi kwa Jumamosi, hatukati juma. Naweza kukuandikisha kwa majira yajayo ya baridi."

"Mimi nimezaliwa hapo."

"Oo, vizuri! Basi unapajua. Ulipapenda?"

Ungemjibu nini mtoto kama huyo? Hakunitukana. Alinikaribisha kwetu kwa moyo safi, kama mtu anayekuonjesha jibini ya ng'ombe wako mwenyewe.

Nikampigia Romed.

"Dada Zenz! Leo umeniota?"

"Nakuja kumwona mama."

"Njoo baada ya Pasaka. Theluji ikiyeyuka tutakaa, tutakula, tutaongea kama ndugu."

"Mafundi wanapima nini chumbani kwake?"

"Dirisha. Linapitisha upepo."

"Dirisha linapimwa sakafuni?"

"Wewe na maneno yako. Kila ukija na lile bango, wageni wananiuliza nani kafa."

"Hajafa mtu, Romed. Ndiyo maana nataka kuja sasa."

"Kitanda huna."

"Nitakaa kwenye benchi la jiko."

"Haya, dada. Ukifika, kaa." Akacheka. "Jiko la mama lina moto. Sijaligusa na sitaligusa. Muulize yeyote."

Akakata simu kwa furaha. Hiyo furaha ndiyo iliyonitia baridi. Romed nimemlea. Akinuna, ameshindwa. Akicheka, kuna kitu kimevunjika mahali ambapo wewe hujafika.

Sikukaa sana, simu ikalia. Mama.

"Zenz, mwanangu. Nije na mkate wa shayiri, au huko mjini mmeshausahau?"

"Uje nao wapi, mama?"

"Kwako! Romed kaniambia umenialika. Kasema unalia kwa upweke, unamtaka mama yako. Kesho asubuhi gari la hoteli linanileta mpaka mlangoni pako. Evelin mwenyewe kaninyooshea gauni. Evelin! Yule ambaye hata uso wake haujawahi kunyooka."

Evelin ni wifi yangu, mke wa Romed. Nilikaa chini, palepale penye lundo la mashuka.

Mimi sikumwalika. Na sasa hebu nisikilizeni, maana hili ndilo ninalolikiri leo, nalo halijapoa hata kidogo.

"Mama," nikasema, "usije."

"Simu inakwaruza. Nasema nakuja."

"Nimekusikia. Usije. Ukitoka jiko litapoa."

"Evelin atatia kuni."

"Evelin hajui hata kuni zinakaa wapi."

"Romed aliapa, Zenz. Ni mwanangu, nimemnyonyesha."

"Na mimi?"

"Na wewe nilikunyonyesha. Na wewe ndiye unayeniambia nisije."

Nikataka kumwambia yote: sauna, kamba ya kupimia, hila. Nikaanza. Akaniacha niseme, niseme, kama anavyomwacha ng'ombe apige mateke mpaka achoke. Kisha akasema taratibu:

"Mwanangu, mimi si mjinga. Kamba niliiona. Lakini nimekaa chumba hiki tangu baba yako azikwe. Nalinda moto. Wageni wanakuja, wananipiga picha kama mbuzi wa maonyesho, wanakwenda zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza: Burgl, wewe hutaki kutoka kidogo? Leo nimeulizwa. Hata kama ni kwa hila, nimeulizwa. Nimevaa kofia nikajitazama kwenye kioo. Halafu wewe unaniambia nisije."

Mimi niliyewahi kusimama juu ya kreti la bia nikawanyanyua wapishi na wasafishaji kwa maneno matupu, nikaokota shuka nikaanza kulikunja upya.

Hakuniomba makubwa. Aliomba kuja kutembea kwa mwanawe, basi. Na ili asinyang'anywe pa kurudi, ikanibidi mimi ndiye nimfungie mlango. Sasa niambie, ewe mjuzi wa kukunja magazeti, hiyo hila aliisomea wapi Romed?

"Nakuja mimi, mama. Basi la kwanza. Nisubiri, usipande gari lolote."

"Kitanda unacho?"

"Sina."

"Basi utafikia wapi, mwanangu?"

Akaweka simu chini kwa adabu, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango wa kanisa asiwasumbue wanaosali.

Asubuhi nikapanda basi. Dereva ni Gebhard, kijana wa kwetu wa zamani, sasa ana kitambi na masharubu.

"Zenz! Leo bila bango?"

"Leo nimekuja na mikono."

"Huko juu wameomba theluji, wamepewa mpaka ya akiba. Shikilia kiti."

Theluji ilikuwa inaanguka mapande mapande, kama mtu anayepasua mito ya manyoya juu ya paa. Nilipoona hivyo nikakumbuka ule mwaka wa maporomoko. Mimi husahau majina ya mawaziri, lakini hayo siyasahau. Mlima ulishuka, barabara ikafukiwa, wageni wakakwama. Mama aliondoka na koleo kwenda kuwafukua watu wa upande wa pili wa mto, akakaa huko mpaka wa mwisho akatolewa. Na jiko lake? Wageni walilala sakafuni mwake, watoto kwa wazazi, wakapokezana kutia kuni. Aliporudi, Romed alikuwa mlangoni, na padri, na majirani. Padri akagusa vigae akasema, lina moto. Pakaisha. Hakuna aliyeuliza kuni zilitiwa na mkono wa nani.

Shika hilo. Nitalirudia.

Gebhard akapunguza mwendo. Mbele yetu taa nyekundu zilikuwa zinawaka na kuzima, na kizuizi kilikuwa kimeshaanza kushuka.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Wamefunga."

"Gebhard, pita."

"Zenz, hata ungekuwa Baba Mtakatifu. Mlima umeshiba. Wanateremsha magari yaliyokwishaanza safari, kisha hapiti mtu mpaka kesho. Kama mlima utataka."

"Mama yangu yuko huko."

"Na mke wangu pia. Atakula, atalala. Na wako atalala."

Magari ya kuteremka yalikuwa yanapita, ski juu, watoto nyuma wamebandika pua vioo. Moja, jingine, jingine. Na mwisho kabisa, gari dogo la Hoteli Zirmegg, na ule mti, nembo yao, uliochorwa ubavuni.

Kiti cha mbele ameketi mama.

Kofia kichwani. Mapajani amepakata chungu cha ua lake la dirishani, lile asiloliacha hata aende kanisani akarudi. Na begani, kati yake na mlango, mto wake wa kulalia.

Mto! Mtu anayekwenda kutembea habebi mto. Evelin ndiye aliyefunga mizigo.

"Nifungulie!" nikampigia Gebhard kelele. Akafungua. Nikaruka, theluji mpaka magotini, nikakimbia huku nimeinua mikono yote miwili. "Mama! Mama!"

Gari likapunguza mwendo kwenye kona. Akageuka. Akaniona mtu aliyefunikwa kofia ya koti, mweupe kwa theluji toka kichwa hadi mguu, anapunga mikono kando ya barabara.

Akatabasamu, akanipungia. Alinipungia kama anavyowapungia wageni.

Gari likaenda. Huko Innsbruck litamshusha mlangoni pangu. Atagonga. Atasema, Zenz, mwanangu, nimekuja hata kama hukutaka. Na ndani hakuna mtu, kwa sababu niko hapa.

Nikampigia Bi Filomena. Nyumba yake inatazamana na Zirmegg, uani kwa uani.

"Bi Filomena, nakuomba, ingia kwa mama utie kuni. Ukuni mmoja tu."

"Ngoja nivae viatu, mwanangu." Nikamsikia anakohoa, anafungua mlango, anatembea, theluji inalia chini ya miguu yake. Kisha ting, ting, ting, kidole kwenye kioo.

"Zenz."

"Ndiyo."

"Mlango wa nyuma haupo tena. Wameziba. Wa mbele unafunguka kwa kadi, na kadi wanazo wageni peke yao. Evelin yuko pale mapokezi, ananiona."

"Anasema nini?"

"Ananipungia mkono."

"Gonga!"

"Nimegonga. Ameongeza kunipungia."

"Bomba la moshi je?"

Akarudi nyuma atazame. "Moshi upo, lakini mwembamba, kama uzi. Mama yako amelilisha kabla ya kuondoka, namjua. Lile jiko likishiba hushika joto mpaka kesho magharibi. Baada ya hapo ni vigae tu."

"Waambie majirani."

"Niwaambie nini, mwanangu? Wote wamemwona Burgl anapanda gari. Kavaa kofia, anacheka, anaaga watu. Nani kamfukuza?" Akavuta pumzi. "Mimi mwenyewe nimemfurahia. Ndiyo ubaya wake."

Nikampigia Romed mara ya mwisho. Hakunipa hata salamu.

"Lina moto, dada," akasema. "Sijaligusa."

Basi hapo ndipo nilipo. Nimesimama kwenye kibanda cha chai kando ya kizuizi, namsomea mhariri maneno haya kwa simu ya mwenye kibanda, maana yangu imezimika, na mhariri ameniahidi yatakuwa mikononi mwenu kesho asubuhi, na kwa walioko juu, kwenye simu zao. Gebhard ananipigia honi. Nikipanda basi nirudi kwa mama anayegonga mlango usio na mtu, jiko linapoa. Nikikaa, mlima haunipishi, na mama anasimama kwenye ngazi na chungu chake. Kote nimefungiwa. Maneno nilishawaandikia juma baada ya juma, mkayakunja.

Mimi sina kadi.

Wewe unayo.

Ndiyo, wewe. Uliyeko Zirmegg sasa hivi, kwenye meza ya chai ya asubuhi, simu yenye gazeti hili imeegemea kikombe, unasubiri mlima ufunguliwe. Kadi iko mfukoni mwako. Nilikuambia ushike lile neno: hakuna aliyeuliza mkono wa nani. Wageni walitia kuni mwaka ule, na chumba kikabaki cha mama. Pengine mmoja wao ni baba yako.

Inuka. Pita chumba cha kuwekea ski, geuka upande usio na zulia. Utaona mlango mfupi wenye maandishi ya chaki juu yake. Hauna kufuli, mama hakuwahi kujifungia. Kuni ziko chini ya benchi. Tia ukuni mmoja, ukishika moto tia wa pili. Evelin akikuuliza unafanya nini, mwambie unasikia baridi. Mgeni akisikia baridi, hoteli nzima hukimbia. Kisha kaa hapo, mpishe mwenzako mwenye kadi mkipokezana, mpaka barabara ifunguke nami nifike.

Na wewe uliye mbali na Sankt Marzell, usifikiri umepona. Simu ya Zirmegg iko kwenye kila tangazo lao, na matangazo yao yamejaa kila mahali kuliko theluji. Piga. Usitukane, usijitambulishe. Uliza tu: "Jiko la Notburga lina moto?" Kisha kata, mwenzako apige, na mwenzake, mpaka Romed ashindwe kupokea simu ya mgeni hata mmoja kabla ya kwenda kutazama mwenyewe.

Piga sasa, kabla hujafungua ukurasa wa mpira. Na wewe mwenye kadi, yai lako litangoja. Vigae havingoji. Inuka!